Mishono Mia na Minane

Alikuja na mpira umefumuka,
si wa mguu, si wa kikapu; mdogo,
unaojaa kiganja basi,
ngozi imeachama kama samaki wa juzi
na tumboni uzi, uzi wa sufu tu, usiokwisha.

"Fundi Mwaringa, utauweza?"

Hapa Mwembe Tayari nimeshona makubadhi ya mashehe,
ndara za wachukuzi, mkoba wa bibi harusi,
hata ngoma ya skauti. Lakini mshono ule
ulipishana kama vidole vya mtu anayeomba,
mwekundu, ukizunguka bila mwanzo.

Kadzo ndiye anayewafunza wasichana pale Tononoka.
Besiboli, akasema. Akakaa kwenye kibao cha wateja
mguu mmoja peku, maana kiatu chake nacho nilikuwa nacho,
akanieleza: kule Marekani, msimu ukifunguliwa,
rais mwenyewe husimama mbele ya umma
akarusha mpira wa kwanza.
Si hotuba. Si utepe na makasi. Mpira.

Na akirusha vibaya?
Humzomea.
Rais?
Rais. Kisha huketi, akatazama mchezo kama watu.

Nikaitua sindano.
Mkono ule ule, nikawaza,
unaotia saini manowari ziondoke,
zile zinazotia nanga Kilindini
mabaharia wakashuka kununua vinyago,
mkono ule ule
ubabaike mbele ya watoto wanaotafuna karanga!
Nikauliza: na nani huushona?

Kadzo akatazama barabara.
"Watu. Kwa mkono. Tena nchi nyingine kabisa.
Mishono mia na minane."

Basi nikahesabu. Uzi mwekundu sikuwa nao;
Bi Rukiya wa hina, kibanda cha pili,
akaniloweshea wa katani usiku kucha
ukatoka rangi ya kutu.
Nilipofika tisini kidole kilitoa damu,
nikaona: hii ndiyo rangi yenyewe.

Jumamosi nikafunga mapema.
Rais wa kuazima hatuna. Alikuja mheshimiwa wa wadi,
saa mbili nyuma ya wakati, suti ya buluu, walinzi wawili.
Akapewa mpira wangu. Akaugeuzageuza
kama anayetafuta pa kusaini.
Akakunja mkono wa koti. Akarusha.

Hatua nne.
Ukadunda, ukabingirika, ukalala dimbwini.

Wasichana wakatazama viatu vyao.
Halafu mmoja, kale kembamba ka Majengo,
akapiga mbinja, na uwanja wote ukazomea,
na mheshimiwa, kwa macho yangu haya,
akacheka, akaomba arudie.

Sijapata kuona mkubwa akiomba arudie.

Wa pili sijui uliishia wapi.
Wengine wasema ulimfikia mdakaji,
wengine, Kadzo aliuokota kwa huruma.
Mimi nilikuwa nimeukodolea macho mshono.

Haukuachia.

Na hamsini yangu bado naidai.