Kupitia Tanga

Nakatia watu tiketi, Ngamiani, Barabara ya Kumi,
na mwenyewe sijapanda ndege hata ya kwenda Pemba.
Lakini niulize: Nairobi hadi Dubai? Saa tano.
Doha hadi Jakarta? Saa nane na ushei.
Najua urefu wa anga kama muuza khanga ajuavyo doti,
bila kujua nguo itavaliwa wapi.

Jumanne akaingia Bi Mwanakombo, fundi cherehani,
futikamba shingoni, uzi mweupe umenasa kwenye buibui.
Hakuketi.
"Toka Maskati mpaka Toronto ni mbali kiasi gani?"
Nikamuuliza, anasafiri nani?
"Hasafiri mtu. Nauliza tu."

Nikabonyeza. Kompyuta ikafikiri, feni ikafikiri.
Kilomita elfu kumi na moja, mia tatu na kitu.
Saa kumi na nne hewani, kama ingekuwepo ya moja kwa moja.
Haipo. Kwa hiyo Istanbuli, benchi la chuma,
saa tano za kungoja, kisha juu tena.

"Na saa zao je?"
Huku ikiwa saa mbili usiku, nikamwambia,
Maskati ni saa tatu.
"Basi Riziki ndiyo kwanza anavua viatu. Na Mbwana?"
Toronto ni saa saba mchana.
"Anakula. Kama anakula."

Akanyamaza, kimya cha fundi mwenye pini mdomoni.
Miaka mitatu ndugu hao hawasemezani,
tangu marehemu aache nyumba ya Makorora, vyumba vinne,
na karatasi moja isiyo na sahihi.
Kila Ijumaa wanampigia yeye, mmoja baada ya mwingine,
na kila mmoja humuulizia paka.

Akaisogelea ramani ukutani,
ile iliyopauka hata bahari imekuwa rangi ya chai ya maziwa.
Akavua futikamba, sifuri akaiweka Maskati.
"Sisi tupo wapi hapa kati?"
Ningeweza kudanganya.
Ndege hiyo, Bi Mwanakombo, inapita Uturuki, inapita juu ya barafu.
Tanga haimo njiani. Hata dirishani haionekani.

Akachomoa pini tatu kwenye mtandio.
Maskati. Toronto. Ya tatu akaitafutia mahali kwa ukucha,
maana mji wetu wote haufiki punje ya mtama,
akachoma.
Uzi akaupitisha: Riziki, Tanga, Mbwana.
"Hesabu hivi."

Nikahesabu. Elfu tatu na mia nane.
Elfu kumi na mbili na mia sita.
Wakipitia kwako, nikasema, wanaongeza kilomita elfu tano.

"Elfu tano?" Akacheka, ndipo nikaliona pengo lake.
"Mwanangu, elfu tano si ndiyo nauli ya bajaji
toka Makorora mpaka Raskazoni,
tena usipojua kupatana?"

Akaondoka. Hakununua kitu, pini hakuchukua.

Jioni tajiri akataka daftari la mauzo.
Palikuwa na mstari mmoja tu, mwandiko wangu:
Maskati – Toronto, kupitia Tanga. Abiria wawili.
Penye tarehe sikujaza.
"Hii nini?"
Feni ilikuwa inautikisa uzi ukutani.
Oda, nikamwambia. Bado hawajalipa.