Kizibo

Saa tisa za usiku, Kabale, baridi ya kung'ata kucha,
nilisikia tangi la bafuni likihesabu.
Tone. Kimya. Tone.
Halafu kimya kikaisha
na maji yakawa uzi mmoja usiokatika.

Ninsiima alikuwa keshafika mlangoni,
miguu mitupu, kitambaa mkononi,
mtoto mwepesi wa kupangusa makosa ya wengine.
Nilimdaka bega. Rudi nyuma!
Sauti ilitoka ile ya kambini,
ya miaka kumi na tisa katika nyumba za polisi,
ambako Kiswahili kilinijia kwanza kama amri
na baadaye sana kama mapenzi.

Maji yalikuwa yamekaribia kizingiti.
Yaling'aa chini ya taa, hayana hatia.
Swichi ya hita ilikuwa humo humo, kando ya kioo,
ukuta wake umelowa.
Mkono ukaitaka. Mkono una pupa yake.
Nikaunyima.

Nikatafuta kandambili. Nikafuata sakafu kavu
hadi kwenye sanduku la umeme ukumbini,
nikaangusha swichi kubwa.
Nyumba nzima ikafumba macho.

Kisha nje, Ninsiima akinimulikia kwa simu,
ukungu umeyalalia makabichi,
nikapapasa koki ya maji chini ya dirisha.
Miaka mingi haikuguswa. Ilikataa, ikalia, ikakubali.
Ndani, uzi ukawa tena matone,
matone yakaanza kusahau.

"Tulifungulie, limwagike liishe," alisema.
Nikamwambia hapana, lile tumbo bado linachemka;
maji yaliyofungiwa na moto hayamjui mwenye nyumba.
Tukakaa jikoni gizani, tukanywa bushera baridi,
tukasikiliza chuma kikipoa:
tak.
Tak.

Saa nne Turyatemba alikuja na mfuko wa spana.
Alilipapasa tangi kwa mgongo wa kiganja
kama mtu apimaye homa ya mtoto wa jirani.
Limepoa. Hapo tu ndipo alipofunga mpira
na kuyashusha maji mpaka mtaroni,
mekundu, yenye magamba kama maganda ya mayai.
Kisha akanyamaza, kichwa chini ya tangi.
"Mama, nani aliziba hapa?"

Kipande cha mti, kimegongomelewa
kwenye mdomo wa valvu.
"Hapa ndipo hita hupumulia. Ikizidiwa, hutema.
Ukiiziba itatafuta pengine pa kutokea.
Bahati yenu imechagua ubavu.
Ingeweza kuchagua paa."

Nilikitambua. Mikato mitatu na mzunguko mmoja:
ndivyo Barigye alivyochonga vigingi vya mbuzi,
penseli za watoto, kila kitu.
Mwaka ule wa mwisho, usingizi umemkimbia,
valvu ilidondosha usiku kucha.
Sikumwambia Turyatemba ni nani.
Wala sikumwambia Ninsiima
kwamba si baba yake aliyelalamika. Ni mimi.
Mimi niliyesema, mgongo nimemgeuzia:
Fanya kitu na hilo tone, tulale.
Akaamka, mgonjwa vile, akachukua kisu.

Hita mpya ina bomba jembamba
linaloshuka hadi kwenye ndoo.
Hudondosha. Ninsiima ameuliza mara mbili
kama tulifunge.
Acha liseme.

Kizibo nilikitia kwenye sigiri siku ile ile,
tulipokuwa tukichemsha maji ya kuoga.
Hakikushika moto upesi.
Kilifoka kwanza, kikatoa mvuke kwenye ncha zote mbili,
muda mrefu,
nami nikakaa nacho hadi kilipomaliza.