Mialiko Mitatu

Kautokeino, mwisho wa Novemba, saa nane mchana
na giza limeshatanda.
Baridi nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.

Binti yangu Elle aliniletea kamera mpya toka Oslo,
nyembamba kama sabuni iliyobakia ukombo,
haina kifundo, haina pete, haina pa kushika.
Ina kioo tu. "Gusa hapa, mama," akasema,
"kila kitu kimo ndani."
Kweli kimo ndani, kama chumvi ilivyomo baharini:
haya, kaichote uitie kwenye supu.

Nikavua glavu ya juu, ya manyoya.
Nikavua ya ndani, ya sufu.
Kidole kikatoka uchi kama kifaranga,
kikagusa menyu, menyu ikazaa menyu,
ikaniuliza nataka lugha gani,
ikaniwekea mlima mdogo na ua dogo
nichague mimi leo ni mlima ama ni ua.
Kulungu wa theluji mia nne wakapita.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
na changu siku ile hata kioo hakikukitambua.

Sasa ninayo hii nyingine, nzito, ya mkono wa pili,
niliyouziwa kule Alta na Torvald Nygård,
aliyepigia gazeti picha hadi magoti yakamgomea.
Ni ya dijitali, ndiyo, ina kadi, ina betri
ninayoiatamia kwapani kama yai.
Lakini utosini ina gurudumu la kasi,
kando yake gurudumu la wepesi wa kuhisi nuru,
na shingoni mwa lenzi kuna pete ya tundu
yenye meno ya kung'ata hata glavu mbili.

Torvald hakunipa kitabu cha maelekezo.
Alizima taa ya jikoni, akaniwekea mikononi.
Hesabu, akasema.
Mwaliko mmoja, nuru maradufu.
Mwaliko wa pili, maradufu ya hiyo.
Ukirudi nyuma, nusu, na nusu ya nusu.
Mwaliko: mlio mdogo wa chuma.
Mwaliko: karibu ndani.

Kazi yangu ni masikio.
Zizini wanyama huzunguka, huzunguka,
mvuke juu yao kama nguo mbichi kambani,
na kila ndama ana mikato sikioni,
sahihi ya mwenyewe iliyoandikwa kwa kisu.
Watu wakibishana, huja kwangu.

Jana walikuwa Jovnna na mjane Biret,
na ndama mmoja mwenye pua nyeupe.
Wangu, alisema huyu. Wangu, alisema yule.
Wote kwa sauti ya chini,
ambayo huku ndiyo sauti ya ugomvi.
Ndama akakata kona kuelekea upande usio na taa.

Jicho langu lilikuwa dirishani; sikulitoa.
Sikuuliza kitu, sikuulizwa kitu.
Gumba likaenda lenyewe, mialiko mitatu,
mkono wa kushoto ukazungusha pete hadi ikagota,
kasi nikaiacha palepale, maana ndama hangoji.
Macho hayana pazia, lakini kamera inalo:
likafunguka, likafungika.

Picha ina chenga, sikatai.
Kama imepigwa kupitia gunia.
Lakini sikio lipo: mkato mmoja mbele,
mapengo mawili nyuma.
Biret akaitazama muda mrefu,
akamkabidhi Jovnna kamba.
Hakuna aliyeomba radhi, wala aliyeidai.

Elle anakuja Krismasi, ataniuliza zawadi yake iko wapi.
Iko rafuni, karibu na redio, safi, haina alama hata ya kidole.
Bado sijajua nitamweleza vipi bila kumuumiza.

Usiku, chini ya blanketi, gumba langu linasokota hewa.
Moja. Mbili.
Heikka anageuka: unamhesabu nani?
Nuru, namwambia. Lala.