Mkono wa Kushoto

Nilianza na betri. Chomoa hasi kwanza:
honi ya Datsun haina adabu ukiigusa umeinama.
Kisha kifuniko, kisha nati ya ishirini na moja,
nikaushika usukani, magoti yamekaza,
nikautikisa kama jino la mtoto
hadi ukakubali.

Gereji yetu ya Mkuyuni haina ukuta upande wa ziwa.
Upepo unaingia na sangara wake na dizeli yake,
na siku wadudu wa ziwa wanapopanda kama moshi
tunafanya kazi midomo imefumbwa.
Ndani ya kolamu niliwakuta wa miaka yote,
wamekauka, wamekuwa unga mweusi,
pamoja na njiti ya kibiriti
na mbegu moja ya pamba.

"Mzee alikuwa mtu wa pamba?"
"Mpima mizani. Kinuni."
Mama Kalunde alikuwa ameketi juu ya tairi,
ametoka Sengerema, amevuka kwa kivuko
na hii 120Y yenye rangi ya papai.
"Kulia inawaka," alisema. "Kushoto haiwaki."
Basi. Kama anayeagiza chumvi.

Nikaifungua swichi juu ya gazeti.
Zengo, kijana wangu, akapiga chafya.
Gololi, ndogo kama punje ya mtama, ikaruka
ikatupigisha magoti sote watatu
na sumaku ya spika mbovu,
hadi Mama akaiokota katikati ya vidole vya mguu wake.

Kopa ya kulia ilikuwa imelika, inang'aa kwa kazi.
Ya kushoto ilikuwa na kutu ya kijani, nene,
kutu ya kitu kisichoulizwa habari.
"Hii haikufa jana, mama."
"Miaka tisa."
"Na trafiki je?"

Hapo ndipo alipocheka.
"Kushoto nilikuwa mimi."

Akanyoosha mkono hewani, kiganja chini,
polepole, kama anayepima joto la uji.
"Hivi. Akisema kushoto, natoa.
Mvua inanyesha, natoa.
Siku tumegombana, hatusemezani tangu Usagara,
yeye anakohoa tu,
natoa."

"Sasa kwa nini hamkutengeneza?"
Aliyeuliza ni Zengo, hana haya,
ila na mimi nilikuwa nimesimamisha bisibisi.

"Ingetengenezwa, ningekuwa abiria."

Nikachukua msasa. Ningesema nini?
Kopa ya namna hii usiisugue kwa hasira, ni nyembamba,
ukizidisha unabaki na tundu na lawama.
Springi niliitoa kwenye kalamu ya Zengo,
nikaikata mizunguko mitatu.
Lehemu, tone. Grisi, kiasi cha kupaka mdomo.
Gololi nikaiweka mwenyewe, pumzi nimezibana,
na Zengo nimemtuma akanunue maji asiyoyahitaji mtu.

Rudisha betri. Pandisha mkono.

Tik.
Tik.

Taa ikapiga kwenye bati, ya chungwa, ikazima, ikapiga.
Mama hakuitazama. Aliisikiliza.
"Inaongea sana," akasema.

Akalipa elfu ishirini na tano, hakuomba kupunguziwa.
Leseni yake ilikuwa bado na ukali wa pembe,
ya mwezi huo huo, na yeye ana miaka sitini na moja.
Akaketi upande wa kulia,
akasogeza kiti mbele, matundu manne.

Halafu akainama, akakivuka kiti kitupu,
akashika kile kishikio kigumu cha mlango wa pili
akazungusha, akazungusha,
mpaka kioo cha kushoto kikashuka chote,
na wadudu wa ziwa walishaanza kupanda,
nami nikamwambia, mama, funga, watakujaa.

Akaliacha dirisha wazi.
Akafika barabarani,
akawasha kushoto.