Gramu Nne za Uzi

Punta Arenas, upepo haupigi hodi.
Unatwanga bati la duka letu mchana kutwa,
na mama, Eduvina Mansilla, fundi cherehani,
anauzuia mlango kwa mguu, pini sita mdomoni,
anamwambia afisa: usipumue, utanipotosha bega.

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa mizani,
ile ndogo aliyotuachia mwoka mikate alipofunga duka.
Utepe mmoja wa uzi wa fedha: gramu nne.
"Andika," husema mama. "Uzi ghali, na jeshi lina macho."

Basi nikavijua vyeo vya anga kwa uzito wake.

Luteni usu, utepe mmoja mwembamba,
hujitazama kiooni hata akishalipa.
Huyu bado hana wa kumjibia ila nafsi yake,
na ndege ya kuazimwa, na mwalimu nyuma ya kisogo.
Luteni ana watu: mafundi wa injini, rika la baba yake,
wanamwita bwana, naye anajifunza kuitika
bila kuona haya.
Kapteni hatulii. Tunampima, yeye yuko dirishani
anasoma mawingu yanayopanda kutoka Antaktika,
kwa kuwa ndiye anayesema twende,
na ndiye anayesema hatuendi,
abiria wamekwisha kufunga mikanda.

Meja alilalamikia vipuri.
Kila meja niliyepata kumshikia futi alilalamikia vipuri.

Kanali alikuwa mmoja, Abelardo Oyarzo.
Kambi nzima yake: marubani, wapishi, mafuta,
theluji iliyoganda kwenye njia ya kurukia,
na mbwa aliyezaa ndani ya banda la tatu.
"Hata huyo mbwa," alisema, "yumo kwenye taarifa yangu."

Jenerali hatukumwona kamwe.
Sare yake ilikuja ndani ya boksi kutoka Santiago,
ikarudi ndani ya boksi.
Nikauliza, huyu kazi yake nini?
Mama akasema: kuwaamini watu asiowaona.
Mbona rahisi, nikasema,
naye akacheka mpaka pini zikamwagika.

Cheo ni koti, alipenda kusema. Koti huvuliwa.

Usiku mmoja wa Agosti upepo ulinyamaza,
na ukimya ule ndio ulioniamsha.
Saa saba. Kanali mlangoni, hana dereva,
kifungo cha koti kinaning'inia kwa uzi mmoja.
"Siwezi kwenda hivi," alisema.

Mama hakuuliza wapi.
Ndege ya Luteni Nahuelquín iliondoka alfajiri
na mpaka giza linaingia redio ilikuwa inakoroma tu.
Nyumba ya mama yake iko mitaa miwili kutoka kwetu.
Taa ilikuwa bado inawaka.

"Si umtume kapteni," mama alisema, akitunga sindano.
"Au kasisi."
"Kasisi atafuata. Hili ni langu."

Akavua koti. Ndani yake alikuwa mtu mfupi
kuliko nilivyodhani, shati limelowa mgongoni
katika baridi ile.
Mama alipokwisha kifungo, kabla hajalichukua,
nikauweka mkono wa koti juu ya mizani.
Mshale ukaenda hadi mwisho ukakwama pale.
Mama alinitazama. Sikuandika.

"Deni langu?"
"Nenda, kanali."

Alivuka barabara, kofia kwapani,
kwa mwendo wa mtu asiyetaka kufika
wala kuchelewa.

Ukutani, koti la Nahuelquín lilikuwa bado linangoja,
utepe wa ukapteni umeshikizwa kwa pini;
alikuwa alichukue Ijumaa.
Mama alivuta kiti. Alichomoa pini moja moja
akaushona ule utepe mpaka kukapambazuka,
mishono midogo, ya karibu karibu,
kama koti litakalovaliwa miaka mingi.

"Gramu nne," alisema.
Niliandika.