Haupimiki

Kazi yangu ni kutazama watu wakikojoa.
Harusini sisemi hivyo. Nasema: niko maabara.
Chemnitz, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.
Chooni nimebandika kioo ubavuni, kingine darini,
na maji ya tangi nimeyatia rangi ya buluu
asije mtu akachota humo akaniapia ni yake.

Ottmar Krahl alikuja Jumanne, theluji begani.
Miaka kumi na tisa aliendesha lori la maziwa
hadi usiku ule alipoliegesha ndani ya kituo cha basi,
vioo chini, maziwa barabarani,
naye anamwita askari kwa jina la mkewe.
Hakufa mtu. Leseni ilikwenda.
Sasa sharti awe mkavu mwaka mzima, na ukavu authibitishe:
simu hulia siku tuitakayo sisi,
naye ana hadi kesho yake kuniletea ushahidi
ungali na joto la mwili.

"Si mnipulizishe tu?" aliniuliza mara ya kwanza.
Pumzi, Bwana Krahl, ni shahidi msahaulifu,
kukicha imekwisha kusamehe ya usiku.
Pombe yenyewe ni mgeni asiyelala:
ini huivunja, huichoma, asubuhi huioni.
Ila chembe yake moja, tone katika ndoo,
ini hulishika mkono, hulifunga na asidi itokayo kwenye sukari,
kama karani agongaye muhuri,
hulikabidhi figo.
Na figo hazina haraka.
Siku moja. Mbili. Tatu, kama ulikunywa kweli kweli.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
siri ya koo, nimejifunza, aijuaye ni kikombe cha plastiki.
Wanasema njia ya mwongo ni fupi.
Sisi tumeipima: saa sabini na mbili,
zikipungua, zikizidi.

Nilimpa orodha: chokoleti yenye ramu, usile.
Dawa ya kusukutua, acha. Ya kikohozi, soma kwanza chupa.
Aliikunja mara nne akaitia kwenye pochi,
pale ilipokuwa ikilala leseni.

Jumanne hiyo, nasema, alisimama mbele ya kikombe,
nami nyuma yake,
wanaume wawili wazima tunaangalia ukuta mmoja.
Ukatoka mwingi, bila rangi,
kama chai ya majani yaliyochovywa mara ya nne.
Joto sawa. Kreatinini chini mno.
"Umekunywa maji."
"Lita nne," akasema. "Simu ilipolia. Niliogopa."

Jumamosi binti yake Romy aliolewa.
Mtu alimtia bilauri mkononi, watu wakasimama,
akaigonganisha, akaiinua, povu likamgusa mdomo.
"Sikumeza."
Akafunga zipu. Akanawa mikono, muda mrefu, hata katikati ya vidole.
"Nadhani sikumeza."

Mkojo uliozimuliwa hausemi ndiyo, hausemi hapana.
Ungekuja na wako mzito, Ottmar, wa njano, wa aibu,
pengine ungekutetea.
Umemzamisha shahidi wako mwenyewe
na sijui, wala sitajua, kama alikuwa wako au wangu.
Fomu ina kisanduku chake. Nikaandika: haupimiki.
Miezi saba ikarudi sifuri.
Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama theluji imekatika,
kwa kuwa nyumbani ni mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Usiku nikafungua friji yangu.
Bia ilikuwepo, nyuma ya siagi, baridi, halali yangu.
Hakuna anayenipigia simu mimi.
Nikaweka kidole gumba kwenye kizibo,
na kabla sijakisukuma, kwa mazoea tu, nikaanza kuhesabu:
Jumatano.
Alhamisi.
Ijumaa.