Mchepuko

Jumanne alfajiri wamenituma na ngazi, bisibisi
na karatasi yenye mihuri mitatu:
ondoa taa, makutano ya Barabara Kuu na Mtaa wa Schubach, Gerrandilla.
Ndiyo ya mwisho, wanasema, kati ya jiji na jiji.
Kuanzia leo dereva atakata nusu ya Australia
bila kukanyaga breki, ila kwa haja ndogo.

Barabara imepata mchepuko.
Noelene Krausse wa duka la pai ndiye aliyelisema wazi,
mikono imejaa unga:
"Imetuacha kwa mwingine. Kijana. Mnyoofu.
Hana kona, hana historia."
Pai mia mbili na kumi kwa siku, zamani.
Jana thelathini na nane,
na sita kati ya hizo alikula mbwa wake.

Sisemi taa ilikuwa neema.
Ilisimikwa kwa ajili ya Desmond Tully, miaka saba,
na baiskeli ambayo baba yake hakuitoa tena bandani.
Nyekundu ilisimamisha malori ya kondoo chini ya dirisha la darasa letu,
mkojo ukatiririka hadi mferejini,
Bibi Aldous akaikata sentensi katikati,
akangoja lori lifike gia ya tatu ndipo aweke nukta.
Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika: kwa vipande,
na kwa harufu.

Usiku dari yangu ilikuwa na rangi tatu.
Nililala kwenye kijani.
Niliamka kwenye nyekundu, usiku ule wa Agosti,
nikasikia mlango wa lori ukifunguliwa, ukifungwa,
na viatu vya mama, ambavyo nilivijua,
havikurudi kwenye ngazi.
Sekunde arobaini na tano.
Kwa mtu aliyekwisha kufunga mzigo wake zinatosha,
na chenji inabaki.

Nilipokua nikawa fundi. Sikuchagua;
nilijikuta juu ya ngazi.
Na usiku mmoja, mimi na kisanduku cha mitambo peke yetu,
nikaiongezea nyekundu ya upande wa kusini sekunde nne.
Nne tu. Za kutazama vioo vya mbele,
uso baada ya uso, wale wanaorudi.
Miaka kumi na tisa hakuna aliyegundua.
Dereva mmoja wa maziwa aliandika barua;
nilimjibu mwenyewe, kwa adabu,
kwamba amekosea kuhesabu.

Sasa nakata umeme.
Nyekundu inazimika bila kungoja kijani.
Kioo ni kizito kuliko nilivyodhani,
nyuma yake nzi wakavu wa viangazi thelathini.
Nimekilaza kwenye kiti cha abiria
na, sijui kwa nini, nimekifunga mkanda.

Kimya kimekuja na mambo yake.
Kumbe Mtaa wa Schubach una ndege.
Una saa ya kanisa inayochelewa dakika sita.
Watoto watavuka wakitazama simu, na watafika.
Ng'ambo ya kilima mchepuko unavuma
kama friji ya jirani:
huisikii hadi uambiwe.

Na huyu hapa Ambrose Pettifer, tisini kasoro mbili,
na pikapu yake ya kijivu, anatokea kusini.
Anasimama kwenye mstari mweupe.
Juu yake hakuna kitu, ila tundu na nyaya mbili.
Hakuna gari mbele, hakuna nyuma.
Amezima redio. Mikono juu ya usukani.

Nikahesabu, midomo imefungwa.
Arobaini na tano.
Hakuondoka.
Sita. Saba. Nane. Tisa.
Ndipo akaingiza gia, akaninyanyulia kidole kimoja,
akaenda kununua mkate.